Madame Aliyelinda Viatu Vyetu

Tulimwita Madame tu. Shuleni kwetu, juu kidogo ya Kalembe, walikuwapo walimu wanawake wengine wawili, lakini hao waliitwa kwa majina ya watoto wao. Ukisema "Madame" bila kuongeza kitu, hata muuza mawese sokoni alijua unamsema mwalimu wa mwaka wa sita. Nilikuwa mwanafunzi wake mwaka mmoja, kisha nikawa mwalimu mwenzake miaka saba. Darasa langu na lake yalitenganishwa na ukuta wa mbao, na sauti yake iliupita ukuta huo kana kwamba haukuwapo.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Chaki aliichomeka kwenye nywele juu ya sikio, na mara nyingi aliisahau huko akaenda nayo sokoni, hata kanisani. Wakati wa mapumziko alikula kipande cha formaji, jibini ya Masisi, pamoja na kitunguu kibichi, amesimama mlangoni mwa darasa, anatutazama tukicheza. Alikuwa mkali sana kwa habari ya saa. Ukichelewa alikusimamisha nje mpaka somo liishe. Lakini saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama tangu kabla hatujaanza shule, na aliivaa hivyo hivyo kila siku. Alipotaka kujua wakati alimuuliza mtoto aliyekaa karibu na dirisha, huyo akachungulia kivuli cha paa na kujibu, na Madame akakubali jibu hilo kama neno la padri.

Alitugombeza kwa Kifaransa, alitufundisha kwa Kiswahili, na mtoto alipoanguka akaumia alimbembeleza kwa Kihunde. Kwa hiyo hata ukiwa umefumba macho ulijua hali ikoje darasani. Mtoto wa Kinande ambaye hakujua neno moja la Kihunde alinyamaza kulia vilevile.

Watu walisema hajui kudanganya, na walimwogopa kwa hilo. Baba wa mwenzetu mmoja alimletea kuku jogoo, akamuuliza kwa adabu kama mwanawe atapita mtihani. Madame alimjibu kwamba hatapita, bora arudie mwaka, na jogoo arudi nyumbani kwa sababu hana kosa. Yule baba aliondoka amekasirika, akamwambia kila aliyemkuta njiani. Mtoto alirudia mwaka, akapita, na jogoo akaletwa tena, safari hii amepikwa. Mke wa katekista alipomuuliza kama gauni lake jipya linampendeza, alimwambia rangi ni nzuri lakini fundi hampendi. Tangu hapo wanawake walimwonyesha nguo zao kabla ya kulipa fundi, si baada.

Lakini jambo lililompa sifa vilima vyote vya jirani lilikuwa promenadi. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa, aliteremsha darasa lake msituni kwa siku moja. Sisi tulikuwa watoto wa mlimani. Tulijua viazi, maharagi, ng'ombe na baridi. Msitu wa Walikale tuliuona kila asubuhi chini yetu, mweusi, umefunikwa na ukungu, na wengi wetu hatukuwahi kuukanyaga. Madame alisema ni aibu mtoto aandike kwenye mtihani juu ya misitu ya Kongo wakati msitu wenyewe unaanza mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni mwao, naye hajaugusa.

Siku hiyo moja aliijaza mpaka ikafurika. Watoto walivuka mto kwa daraja la kamba za msituni. Waliziba kijito kwa matope na majani, wakayachota maji upande wa chini na kuokota samaki wadogo kwa vikapu. Walijifunza kuwasha moto kwa kuni zilizolowa. Walipanda mti mmoja mnene ambao mizizi yake ilishuka kama ngazi, kisha wakaoga kwenye dimbwi chini ya maporomoko. Ng'ambo ya mto walikaa mwindaji mmoja na mke wake, nao ndio waliowapokea watoto na kuwaongoza.

Ndiyo, mwindaji na mke wake, kwa sababu Madame mwenyewe hakuvuka. Hilo lilijulikana na kila darasa lililolitangulia letu. Daraja lilikuwa kamba moja nene ya kukanyaga na mbili za kushikilia, na chini yake maji yaendayo kasi. Shuleni alitufungia kamba kati ya mikaratusi miwili, kiganja kimoja juu ya ardhi, akatuonyesha jinsi ya kuweka mguu kwa pembeni, na alipita juu yake kwa madaha kama mwali wa harusi. Akifika kwenye daraja la kweli alikaa ukingoni, magoti yanamtetemeka, akapiga kelele za maelekezo kwa Kifaransa mpaka mtoto wa mwisho afike ng'ambo. Ukimuuliza mbona havuki alijibu kwamba lazima mtu alinde viatu. Watoto walivuka miguu mitupu, kwa hiyo viatu vilibaki vimepangwa mistari karibu naye. Nani angekuja kuviiba mle msituni, sijui. Alivilinda siku nzima.

Kisha vita ikatufikia na promenadi ikakoma. Barabara ilijaa vizuizi, na wanaume waliosimama kwenye vizuizi walibadilika mara nyingi kuliko majira. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Miaka mitatu ikapita bila mtoto wa shule yetu kuteremka msituni, na hakuna aliyelalamika, maana hata kwenda shambani kulikuwa kwa wasiwasi.

Mwaka nilipofika darasa lake, tukiwa ishirini na wanne, Madame alitangaza kwamba promenadi inarudi. Mkuu wa shule alikataa. Wazazi waliitwa kwenye mkutano, na mama yangu, ambaye si mwepesi wa kusema mbele za watu, alisimama akauliza kama Madame haoni hali ilivyo. Madame alisema anaiona. Alisema watoto wamekaa ndani ya woga muda mrefu, na siku moja ya kucheza msituni haitawaua. Hapo ndipo Papa wa duka alipoinuka. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, mwenye lori moja lililotuletea chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Hakuwa na mtoto darasani mwetu na hatukuwahi kumsikia akisema mkutanoni. Alisema Madame ana haki, na kamba atatoa yeye. Mkuu wa shule aliwatazama wote wawili, akakubali.

Matayarisho yalichukua wiki tatu, na hakuna darasa lililotangulia lililotayarishwa namna ile. Kila mmoja alitakiwa kuwa na furushi lake, na ndani yake kamba yenye urefu wake mara mbili, kijiko, chupa ya maji, kikwembe cha kujifunika, chakula kilichopikwa cha kula mara mbili, na chumvi ndani ya kifuko cha sashe kilichofungwa fundo. Chumvi ni ya kumwaga juu ya ruba akikuganda mguuni, na ni ya samaki. Nguo nyeupe zilikatazwa. Madame alisema ndege wataogopa. Tulifundishwa kutembea mmoja nyuma ya mwingine bila kusema, kwa sababu, alisema, mwenye kelele haoni nyani. Tulijifunza kumtambua kila mwenzetu kwa kugusa bega lake. Tulikariri njia ya kuteremka, jiwe kwa jiwe, hata kabla hatujaipita.

Na alitufundisha jambo moja alilolirudia kila siku mpaka tukalisema pamoja naye:

"Ukipotea, unakaa. Unakaa pale tulikuwa bote mara ya mwisho. Wewe hautembee. Mimi njo nitatembea kukutafuta."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema kwetu. Tulikusanyika uwanjani alfajiri ikiwa imeshapambazuka, ukungu bado mzito. Madame alipita akifungua furushi moja moja. Alipofika kwangu alitoa kila kitu, akakipanga juu ya majani, kisha akaniuliza chumvi iko wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba mama alitia ya mwisho kwenye maharagi jana. Kwa wiki kadhaa lori halikuwa limeleta chumvi, na kila nyumba ilikuwa ikikwangua chini ya kopo. Nilitegemea angecheka, maana wenzangu ishirini na watatu walikuwa nayo, na chumvi ya mmoja ingetosha wawili.

Hakucheka. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida.

"Rudia kwenu, ulete," alisema. "Tutakungoja."

Nilikimbia. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama alikuwa ameenda shambani kilima cha pili na mtoto mgongoni. Nilikimbia dukani kwa Papa wa duka nikakuta mlango umefungwa kwa mbao mbili za msalaba na lori halipo. Nikaenda kwa bibi mmoja jirani yetu tuliyemwita Koko. Alinung'unika, akatafuta polepole, akanipa chumvi kidogo ndani ya jani la mgomba. Nilikuwa bado mlangoni mwake namshukuru wakati bunduki zilipoanza upande wa barabara.

Koko alinishika mkono. Alitaka tuingie kwenye shamba la mtama pamoja na majirani waliokuwa tayari wanapita mbio na magodoro kichwani. Mimi nilijinyofoa nikakimbilia shule. Uwanja ulikuwa mtupu. Nyasi zilikuwa zimelala pale mafurushi yalipokuwa. Koko alikuwa amenifuata, mzee yule, akihema, akaniita mara mbili na tatu nije. Nikamwambia Madame amesema ukipotea unakaa. Aliniambia Madame hajui kitu, Madame ameenda. Nilishika mguu wa tangi la maji ya mvua nyuma ya darasa nikakataa kuuachilia, na yeye, milio ilipokaribia, aliniacha akaenda. Baadaye, tulipokutana Kashebere tulikokimbilia, alinihadithia kwamba njia nzima alijilaumu kwa kutonipiga kofi na kunibeba.

Nilikaa kati ya tangi na ukuta tangu asubuhi mpaka jua lilipopinduka. Watu wenye bunduki waliingia uwanjani. Niliona mabuti yao chini ya tangi, nikawasikia wakivunja mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, wakigombana juu ya redio. Mmoja alikuja kunywa maji. Alifungua bomba, maji yakamwagika mpaka miguuni pangu, akalifunga vizuri kama mtu aliyelelewa vema, akaondoka. Sikulia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na nilikuwa nimeshikilia jani la mgomba lenye chumvi kwa mikono miwili, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba Madame anatembea.

Alitokea upande wa mikaratusi, akitambaa kati ya maharagi. Alikuwa amelowa mwili mzima na hakuwa na viatu. Aliingia nyuma ya tangi, akakaa karibu yangu mpaka pumzi yake iliporudi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko na chumvi. Nilimwonyesha. Akasema sawa, twende.

Tuliteremka kwa njia ile niliyoikariri. Njia nzima alinisemesha Kihunde, pole pole, mambo ambayo sikumbuki, na ndipo nilipoanza kulia. Aliniacha nilie bila sauti huku tunatembea.

Wenzangu wote ishirini na watatu walikuwa ng'ambo kwa mwindaji. Walinihadithia baadaye jinsi ilivyokuwa. Bunduki zilipoanza, Madame aliwaondoa uwanjani wakiwa mstari mmoja, kimya, kama walivyofundishwa. Walipofika mtoni watoto walikataa kuvuka bila yeye. Mmoja alishika sketi yake. Madame alitazama maji, akatazama mlima waliotoka, akakanyaga kamba. Alivuka katikati yao. Alipofika ng'ambo alitapika, akajifuta mdomo, akawahesabu, akamwomba mke wa mwindaji awapikie, kisha akarudi kwenye daraja lile lile peke yake. Katikati mguu uliteleza akaanguka majini, na alitoka kwa sababu mto pale una kona na mzizi mkubwa. Viatu vyake, alivyokuwa amevifunga shingoni, vilienda na maji.

Kwa hiyo tulipofika mtoni sisi wawili, ilikuwa mara yake ya tatu siku ile. Alisimama.

"Tangulia," aliniambia. "Nitafunga macho. Wewe useme kile unaona."

Nikatangulia, nikasema ninachoona. Namwona Mama mwindaji amesimama na kikwembe cha bluu. Naona moshi. Naona vipepeo kwenye matope. Naona wenzetu, wanatuonyesha kwa vidole. Naona sufuria. Katikati kamba iliyumba na nyuma yangu nikamsikia Madame akiligombeza daraja kwa Kifaransa, kwa sauti ile ile ya kumgombeza mtoto aliyechelewa. Likatulia. Tulifika.

Tulikaa msituni siku tisa. Kila kitu kilichokuwa mchezo wa siku moja tulikifanya kwa kweli. Tuliziba vijito kila asubuhi kwa sababu samaki wale ndio walikuwa chakula. Tuliwasha moto wa kuni mbichi mara nyingi mpaka hata mdogo wetu wa mwisho aliweza. Tuliupanda mti wa mizizi, mmoja mmoja kwa zamu, kutazama kama kuna moshi upande wa mlimani. Madame aligawa chumvi kwa ncha ya kijiko. Kila mchana tulifanya imla, tukiandika kwa mkaa juu ya maganda ya miti, na aliondoa alama kwa kila kosa kana kwamba hakuna lililotokea. Siku ya kumi mwindaji alituongoza kwa njia za ndani mpaka Kashebere, ambako watu wengi wa kwetu walikuwa wamekimbilia. Wazazi walikuja mmoja mmoja kuchukua watoto wao. Mama yangu alifika wiki ya tatu. Alikuwa amekimbilia upande mwingine na mtoto mgongoni, akila majani, akiamini kwamba angalau mimi niko na Madame.

Nilipokuwa mwalimu na kurudi kufundisha pale pale, nilifikiri tutalisema jambo lile mara kwa mara. Hakulisema hata siku moja. Tulicheza igisoro, bao la kwetu, jioni barazani kwake, na mtu yule asiyejua kudanganya aliniibia kete waziwazi. Nikimshika mkono alisema kete zimejiviringisha zenyewe. Alinifundisha kufunga mafundo, kusoma daftari la mtoto ambaye hajala, kuomba kitu kwa mkuu wa shule kwa namna ambayo hatakikataa. Promenadi aliirudisha nchi ilipotulia kidogo, na akawa anavuka na watoto, kila mwaka, macho yamefungwa, mtoto mmoja mbele yake akimwambia anachoona. Watoto walishindania nafasi ile.

Kwa kuwa yeye hakulisema, nililisema mimi. Nililihadithia kwenye ubatizo, kwenye mikutano ya wazazi, kwa walimu wapya, kwa mume wangu kabla hajawa mume wangu. Ilikuwa hadithi ya mwalimu aliyerudi kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Sioni haya kusema kwamba niliipenda. Kila nilipoisema nilijiona mtu wa thamani.

Vita iliporudi tena shule yetu ilifungwa kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda Sake, nikapata darasa huko. Madame, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba, alichukuliwa na mdogo wake wa kike anayekaa Bweremana, kando ya ziwa, na anayekausha sambaza, dagaa wa ziwa hilo. Nilimtembelea mara moja tu. Walimu wa kwetu walikuwa wanaandaa siku ya kuwashukuru waliostaafu, na mimi nilichaguliwa kusema juu yake. Nilipanda gari asubuhi na kumwambia dereva kwamba nitarudi naye saa tisa.

Nilimkuta nje, amekaa juu ya mkeka, miguu imenyooka mbele yake, anachambua sambaza waliokauka na kutoa vijiti na mawe madogo. Alikuwa amepungua sana. Aliniuliza habari za kila mmoja wa darasa letu kwa kufuata jinsi tulivyokaa kwenye madawati, tangu dirishani. Nilimweleza yupi yuko Goma, yupi amekuwa muuguzi, yupi amekufa. Kisha nikamwambia juu ya siku ile ya shukrani, na kwamba nitahadithia jinsi alivyorudi kunichukua.

Aliacha kuchambua.

"Ile hadithi usiiseme tena," alisema. "Haiko yote."

Nikamuuliza imebaki nini.

"Mimi nilikuwa najua, Riziki. Ya kama bale ba bunduki banakuja, nilikuwa najua. Shofere wa Papa wa duka alibaona kule chini banajipanga, akatuambia. Tulikuwa bantu batatu tu benye kujua."

Aliniambia taratibu, bila kuinua sauti. Walihofu kwamba wakisema, kijiji chote kitakimbilia barabarani na magari na mizigo, na barabarani ndiko watu wale walikokuwa. Basi yeye akasema ataanza na watoto, kwa njia ya msitu, kama promenadi, na wazazi watawafuata watoto wao. Walidhani wana siku nyingi zaidi. Asubuhi ile ya Jumamosi, kabla hatujakusanyika, Papa wa duka alimpitia na lori akamwambia wamekaribia, leo leo.

Nilimuuliza basi kwa nini alinituma chumvi.

Alitazama ziwa. Watoto wa mdogo wake walikuwa wanageuza samaki kwenye nyavu zilizotandazwa.

"Nilikuona hauna," alisema. "Nikafikiri, nikikuacha upite, bale bengine bataona ya kama leo Madame iko na haraka. Bantu bananijua. Sijaachaka kosa ipite hata siku moja. Bangeogopa, bangelia, bangekimbia kila mumoja kwao. Nikafikiri niko na saa moja ya kukungoja. Haikuwa saa moja." Akaokota jiwe dogo kati ya samaki, akalitupa. "Nilikutuma na nilikuwa najua. Njo maana nilirudia. Haikuwa juu ya moyo muzuri. Sikuweza kukaa ng'ambo na ile kitu."

Hakulia, na hakuniomba msamaha. Kilichonijia kwanza hakikuwa mimi mwenyewe nyuma ya tangi. Nilimwona mama yangu akiteremka shambani asubuhi ile na mtoto mgongoni, ameaga kwa amani, akipita mbele ya mlango wa mtu aliyejua. Nilitaka kusema hilo. Nilitaka kumuuliza ni akina mama wangapi waliopita mbele ya mlango wake siku zile, wakamsalimu. Lakini kila nilipotafuta neno nilijiona na watoto wangu wa Sake, arobaini na mmoja, wamesimama na mafurushi, nami najua jambo ambalo nikilitamka litawatawanya.

Gari likapiga honi barabarani. Nikasimama na kuchukua mkoba wangu. Madame hakunizuia.

"Enda," alisema. "Gari itakuacha."

Nilipanda mpaka barabarani. Dereva alikuwa ameniwekea kiti cha mbele, abiria wamejaa, injini inawaka. Nilisimama pale nimeshika mlango, na abiria mmoja akaniuliza kwa upole kama ninaingia ama siingii. Nikamwambia dereva aende, nitamtafuta kesho.

Niliporudi Madame alikuwa ameinama juu ya samaki wake, na hakuinua kichwa. Nilivua viatu kando ya mkeka. Alisogea kidogo, nikapata mahali pa kukaa.